Shotigani au Gobore? Mwongozo Kamili wa Kuchagua Bunduki ya Kuwindia Kulungu Iowa

Kila Novemba napata ujumbe uleule. Mtu kanunua leseni, kanunua bunduki, kanunua risasi za bei mbaya, kaenda uwanja wa shabaha, na risasi tano zimetua sehemu tano. Anauliza: "Kaka, wameniuzia bunduki mbovu?" Mara nyingi wala si mbovu. Mwaka jana walikuwa wanne, na watatu kati yao walikosea jambo lilelile: mtutu na risasi havikuoana. Wa nne alikuwa na shotigani safi kabisa, na mfukoni ana leseni ya msimu wa gobore.

Naandika basi mara moja kwa wote. Mfano wangu ni Iowa, kwa sababu ndiko niliko na ndiko Waswahili wa Cedar Rapids, Iowa City na Des Moines wanazidi kuingia porini kila mwaka. Ohio, Illinois na Indiana nao wana shotigani na gobore, ila tarehe na vipimo vyao ni vingine. Soma kijitabu cha jimbo lako.

Tuelewane kwenye maneno. Gobore hapa ni bunduki inayopakiwa kupitia mdomo wa mtutu. Najua kwetu jina hilo linaleta picha ya bomba la mhunzi lililofungwa waya. La huku linatoka kiwandani, lina darubini, na fataki yake, kile kidude cha kuwashia baruti, inakaa ndani, nyuma ya baruti, mvua isiifikie. Lakini kazi ni ileile ya babu: baruti, risasi, mdeki (fimbo ya kusukumia risasi ndani ya mtutu). Slagi ni risasi moja nzito ya shotigani. Marisau, yaani vijirisasi vingi ndani ya ganda moja, hayaruhusiwi kwa kulungu Iowa. Na kulungu ni huyu wa mkia mweupe chini, anayedondosha pembe kila mwaka. Si kulungu wa kwetu, lakini jina limeshamganda.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Kwa vyovyote utakavyochagua:

- Kijitabu cha kanuni cha mwaka huu kutoka Idara ya Maliasili ya Iowa, yaani DNR
- Cheti cha mafunzo ya uwindaji, kama umezaliwa baada ya 1 Januari 1972
- Kipima umbali, au miguu yako na uvumilivu wa kuhesabu
- Sahani za karatasi za inchi 9, pakiti nzima
- Mifuko miwili ya mchanga ya kulazia bunduki
- Miwani ya kukinga macho na vizibo vya masikio
- Kizibao au koti la rangi ya chungwa inayong'aa

Kwa shotigani ongeza pakiti mbili tatu za slagi za aina tofauti. Pakiti moja huwa na slagi 5, na zile za bei huuma.

Kwa gobore orodha ni ndefu: baruti inayofaa, kipimio cha baruti, fataki za aina ya 209, risasi, vitambaa vya kufutia, dawa ya kusafishia, grisi ya kizibo cha nyuma ya mtutu, na ufunguo wa kukifungulia. Kama orodha hii tayari imekuchosha, kumbuka uchovu huo tukifika hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Soma leseni kabla ya kuangalia bunduki

Sababu ni rahisi. Iowa haikuuzii leseni ya kulungu ya jumla, inakuuzia leseni ya msimu. Mkaazi asiye na shamba lake anapata leseni moja tu ya bunduki ya kuua kulungu yeyote, dume au jike, na leseni hiyo inabeba jina la msimu wake. Misimu yenyewe iko hivi:

- Gobore la mapema: siku 9 katikati ya Oktoba, na leseni zake zina ukomo wa 7,500
- Shotigani ya kwanza: siku 5, mwanzoni mwa Desemba
- Shotigani ya pili: siku 9, katikati ya Desemba
- Gobore la mwisho: kuanzia Desemba baada ya shotigani ya pili, hadi 10 Januari

Sasa shika jambo moja ambalo wengi hawalijui. Gobore linaruhusiwa katika msimu wa shotigani. Shotigani hairuhusiwi katika msimu wa gobore. Mwenye gobore ana milango minne, mwenye shotigani ana miwili.

Onyo: muuzaji wa duka la vifaa vya michezo hana jukumu la kukuuliza umekata leseni gani. Yule ndugu yetu wa nne aliuziwa slagi na leseni kwenye kaunta moja, siku moja.

Umefaulu kama: unaweza kusema kwa sentensi moja msimu wako, tarehe zake, na silaha zinazoruhusiwa humo.

(Ipo na njia ya tatu: tangu 2017 Iowa inaruhusu bunduki za raifo zenye risasi za ganda lililonyooka katika misimu ya shotigani. Ni nzuri, nakiri. Lakini mwongozo huu si wake.)

## Hatua ya 2: Hakikisha sheria inakuruhusu kushika silaha

Hapa wengi wetu hupita mbio, na hapa ndipo kosa linaweza kukugharimu makazi yako. Kwa sheria ya shirikisho, mwenye green card hazuiwi kumiliki bunduki kwa sababu ya hadhi yake, na mkimbizi aliyepokelewa rasmi au aliyepewa hifadhi vilevile. Aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtalii, amezuiwa isipokuwa ana sababu inayotambuliwa, na leseni halali ya kuwinda ni mojawapo. Asiye na karatasi amezuiwa kabisa, hata kuazima.

Shotigani ukinunua dukani utajaza fomu ya 4473, fomu ya shirikisho ya kununulia bunduki, na utachunguzwa. Umri ni miaka 18 kwenda juu. Jibu kila swali kama lilivyo. Kudanganya kwenye fomu hiyo ni kosa la jinai.

Gobore, kwa sheria ya 1968, huhesabiwa na serikali ya shirikisho kuwa silaha ya kale, kwa hiyo maduka mengi huliuza bila fomu hiyo. Usilichukulie hilo kuwa ni mlango wa uani. Majimbo yana sheria zao; Illinois, kwa mfano, hutaka kadi ya FOID, yaani kitambulisho cha mwenye silaha. Ukiwa na kesi yoyote nyuma yako, muone wakili kabla ya kumuona muuzaji.

## Hatua ya 3: Pima mahali utakapokaa

Nenda shambani au kwenye pori la umma mwezi mmoja kabla. Panda dungu lako, au kaa chini ya mti uliouchagua, na upime umbali hadi kila mahali kulungu anapoweza kutokea: njia yao, kona ya uzio, mwisho wa shamba. Andika. Usikadirie kwa macho, kwa sababu shamba la mahindi lililovunwa hudanganya. Yadi 140 huonekana kama 80.

Kwa nini tunapima? Kwa sababu Desemba ya mwanzo na Januari si pori moja. Katika misimu ya shotigani Iowa watu wengi huwinda kwa kikundi. Wengine wanaswaga kichakani, wengine wamesubiri mwisho wa kichaka, na kulungu anatoka anakimbia, yadi 30, 50, 60. Unahitaji bunduki inayoinuka haraka na kufyatua tena bila kupakia upya. Mwisho wa Desemba baridi imekaza, kulungu wamechoka kusumbuliwa, na wanatoka saa ya machweo kula mabaki ya soya na mahindi katikati ya uwanja mweupe. Anasimama. Anakula. Lakini yuko yadi 120, na hakuna mti wa kukusogezea karibu.

Ukiwa huko, angalia na nyumba. Iowa hairuhusu kufyatua ndani ya yadi 200 za jengo linalokaliwa na watu bila ruhusa ya wenyewe.

Umefaulu kama: una karatasi yenye namba, na umezungushia namba kubwa kuliko zote.

## Hatua ya 4: Jipime mwenyewe

Shotigani ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu; namba ndogo, mtutu mpana) ikifyatua slagi inapiga bega kuliko raifo nyingi za kuwindia. Mtu mwembamba, kijana, au yeyote anayefumba macho kabla ya mlio, achukue geji 20. Wala si bunduki ya kitoto: geji 20 yenye mtutu wa mifereji (nitaueleza hatua ya 6) inaangusha kulungu mzima bila taabu, na wewe utakuwa umefungua macho.

Gobore lenye greni 100 za baruti (greni ndicho kipimo chake) linavumilika. Wauzaji wengine watakusukumia greni 150, yaani vidonge vitatu vya baruti iliyoshindiliwa. Unapata kishindo zaidi, moshi zaidi, uchafu zaidi, na mara nyingi shabaha mbaya zaidi.

Kisha jiulize swali la uvivu. Shotigani ukirudi umechoka, unaipangusa na kuiweka kabatini. Gobore lazima lisafishwe jioni ileile, hata kama umefika nyumbani saa tatu usiku na vidole vimekufa ganzi. Masalia ya baruti hiyo ni chumvi inayonyonya unyevu wa hewa, na chuma huanza kula kutu kabla hujaamka. Niliwahi kumwachia binamu yangu gobore langu siku nne. Lilirudi na mtutu ambao ukipitisha kitambaa kinatoka na rangi ya udongo wa Kigoma. Hatujagombana, lakini sasa anaazima kwa wengine.

## Hatua ya 5: Amua

Sasa una msimu, una umbali, una bega. Uamuzi unakuja karibu wenyewe.

Chukua shotigani kama unawinda na kikundi msimu wa kwanza au wa pili, umbali wako mkubwa haupiti yadi 75 hadi 100, na unataka bunduki moja ya bata, sungura na kulungu. Mossberg 500 na Remington 870 zimejaa kwenye maduka ya mitumba na mitutu yake inabadilishwa kwa mkono. Wa mtutu laini ubaki wa ndege, wa mifereji uwe wa kulungu.

Chukua gobore kama unakaa peke yako, kulungu wako husimama, umbali unafika yadi 100 hadi 150, na uko tayari kuwa mtu wa utaratibu. Kaliba ya .50 ndiyo ya kawaida na ndiyo yenye vifaa kila duka.

Mimi? Mtu akiniambia ana pesa ya bunduki moja tu na hana kikundi, namwambia gobore. Lina milango minne, na kupakia kwake kunafundisha subira ambayo shotigani ya risasi tano haifundishi. Lakini akiniambia hapendi kuosha vyombo, namwambia shotigani.

Ukichagua shotigani endelea na hatua ya 6. Ukichagua gobore ruka hadi ya 7.

## Hatua ya 6: Shotigani — oanisha mtutu na slagi

Hapa ndipo wale watatu walipoangukia.

Chungulia mtutu wako mchana, bunduki ikiwa tupu na umehakikisha mara mbili kuwa ni tupu. Ukiona ndani ni laini kama kioo, huo ni mtutu laini. Ukiona mistari inayojizungusha kama uzi wa skrubu, huo ni mtutu wa mifereji.

Mtutu laini unataka slagi ya Foster, kipande kizito cha risasi kilicho wazi nyuma, uzito ukiwa mbele. Huruka sawa kwa sababu ya uzito huo, kama mpira wa vinyoya. Usidanganywe na mistari iliyochorwa ubavuni mwake. Haiizungushi kwa kiasi cha maana. Inaisaidia kubanika ikipita kwenye choki, ile sehemu ya mdomo wa mtutu inayobana.

Mtutu wa mifereji unataka slagi ya saboti, risasi nyembamba iliyovishwa koti la plastiki. Koti linashikwa na mifereji, linazunguka pamoja na risasi, kisha linavuka mdomo na kudondoka.

Ukibadilisha, unalia. Saboti kwenye mtutu laini haizungushwi na chochote, kwa hiyo inapinduka hewani. Ndugu mmoja alinionyesha sahani yake: tundu halikuwa la duara, lilikuwa refu kama alama ya kisigino. Risasi ilipita ubavu mbele. Alikuwa ametumia karibu dola 20 kwa pakiti, akiamini ghali ndiyo nzuri. Nikampa slagi tano za Foster, za bei ya chini kabisa dukani, na kwa yadi 50 zote zikaingia kwenye sahani moja. Alinyamaza dakika nzima. Na Foster kwenye mtutu wa mifereji? Itaruka, lakini itakupaka risasi laini ndani ya mifereji, na baada ya milio kumi utasugua hadi jioni.

Mambo mengine ya hatua hii:

Choki iwe wazi, ya silinda au inayofuatia. Choki ya kubana ya bata mzinga itoe.

Soma maandishi ubavuni mwa mtutu. Chemba (mahali ganda linapokaa) ya inchi 2¾ usiitie ganda la inchi 3, hata kama linaingia. Litaingia, kwa sababu ganda hurefuka linapofunguka. Ndipo hatari ilipo.

Onyo kubwa: usichanganye kamwe geji 12 na geji 20 mfuko mmoja. Ganda la geji 20 likitumbukia kwenye bunduki ya geji 12 hupita chemba na kukwama ndani ya mtutu. Unaona haijalia, unaongeza la geji 12 nyuma yake, unafyatua. Mtutu unapasuka mkononi. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 hutengenezwa ya njano.

Kuhusu kulenga: ushanga mmoja wa shaba mdomoni unatosha kwa bata, kwa kulungu unatosha hadi yadi 50 hivi. Weka vilengeo viwili au darubini ndogo. Foster iliyolengwa sawa kwa yadi 50 itakuwa imeshuka inchi 4 hadi 6 ikifika yadi 100.

Umefaulu kama: slagi tatu za aina moja, kutoka kwenye mfuko wa mchanga, zinaingia sahani moja kwa yadi 50 bila wewe kurekebisha chochote katikati. Hamia sasa hatua ya 8.

## Hatua ya 7: Gobore — pakia kwa mpangilio uleule kila mara

Kanuni ya kwanza kabla ya zote: baruti isiyo na moshi, ile ya kwenye risasi za kisasa, haiingii humu. Hata kijiko. Gobore la kawaida halikutengenezwa kubeba shinikizo lake na litapasuka usoni kwako. Tumia baruti nyeusi au mbadala wake uliotajwa kwenye kitabu cha bunduki yako: Pyrodex, Triple Seven, Blackhorn 209. Hii ya mwisho hudai fataki kali na kizibo cha nyuma kinachoendana nayo, kwa hiyo soma kwanza.

Kanuni ya pili: baruti hizi hupimwa kwa ujazo, kwa kipimio chake. Greni 100 za ujazo za Blackhorn si greni 100 za mizani. Anayeweka mizani bila kujua anazidisha.

Sasa mpangilio.

Kwanza, kausha. Pitisha kitambaa kikavu. Mafuta ya hifadhi yakibaki chini yatalowesha baruti.

Pili, lipua fataki moja tupu, mdomo ukielekea jani kavu au kipande cha karatasi chini. Jani likiruka, njia ya moto iko wazi.

Tatu, mimina baruti kutoka kwenye kipimio, kamwe si moja kwa moja kutoka kopo. Kaa la moto likibaki ndani ya mtutu, kipimio kitakuunguza vidole, kopo litakuua. Ukitumia vidonge vya Pyrodex, vina upande mmoja mweusi zaidi, na huo ndio utangulie chini kuelekea fataki. Ukivigeuza, vitachelewa kuwaka.

Nne, sukuma risasi hadi ikalie baruti. Tumia mdeki kwa kushika karibu na mdomo, kidogo kidogo. Usiugonge kama unatwanga. Risasi lazima iguse baruti. Ikibaki nafasi ya hewa katikati, mtutu unaweza kuvimba pale.

Tano, angalia alama ya mdeki. Siku ya kwanza kabisa, ukiwa na hakika umepakia sawa, chora alama kwenye mdeki pale unapokutana na mdomo wa mtutu. Chora na ya pili, ya mtutu mtupu. Kuanzia hapo mdeki unakuambia kila kitu. Alama ikizama, umesahau baruti. Ikisimama juu kwa vidole viwili, risasi haijafika. Ikisimama juu sana, umepakia mara mbili, na hapo usifyatue: fungua kizibo cha nyuma, toa vyote.

Sita, fataki ni ya mwisho, na huwekwa ukiwa umeshakaa mahali pako. Si garini, si ukipanda dungu. Bunduki unaivuta juu kwa kamba, haina fataki, mdomo ukitazama chini.

Uwanjani, pitisha kitambaa chenye unyevu kidogo na kingine kikavu baada ya kila mlio. Usipofanya hivyo, risasi ya tatu itagoma nusu njia, na hapo watu huanza kugonga.

Onyo: ukivuta triga ukasikia "tik" tu, au fataki ikalia bila bunduki kulia, usiigeuze kuichungulia. Iache imeelekea shabaha dakika nzima. Baruti huweza kuchelewa.

Umefaulu kama: umepakia mara tano na alama ya mdeki imesimama palepale mara tano.

## Hatua ya 8: Mtihani wa sahani

Sehemu ya kulungu inayoua haraka, moyo na mapafu, ni kama inchi 8 kwa upana. Sahani ya inchi 9 inakaribia hapo, na ni rahisi.

Anza yadi 25 ili ujue risasi inatua wapi. Rekebisha vilengeo. Nenda 50, kisha 75, kisha 100. Kila umbali risasi tatu kutoka kwenye mfuko wa mchanga, halafu tatu ukiwa umekaa kama utakavyokaa siku yenyewe, na koti lako nene mwilini. Koti hubadilisha mahali kitako kinapokaa begani. Wengi hugundua hilo mbele ya kulungu.

Umbali wa mwisho ambao tatu kati ya tatu zimeingia sahani, ukiwa umekaa, ndio mpaka wako. Linganisha na ile namba uliyoizungushia kwenye hatua ya 3. Mpaka wako ukiwa mfupi, sogeza dungu. Ni rahisi kuliko kununua darubini nyingine.

Gobore la .50 lililolengwa yadi 100 hushuka inchi 5 au 6 ifikapo 150. Ukitaka kupiga mbali hivyo, ipige sahani mbali hivyo kwanza.

## Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa za kisheria ni nusu saa kabla ya jua kuchomoza hadi nusu saa baada ya kuzama. Vaa rangi yako ya chungwa nje ya nguo zote.

Wa gobore, sikilizeni la baridi. Januari moja nilikuwa naingiza gobore langu sebuleni kila usiku, limepakiwa bila fataki, nikiona nalilinda. Joto la nyumba juu ya chuma baridi linatoa jasho, na jasho lile lilikuwa linakwenda ndani. Siku ya tatu jike akasimama yadi 60. Nikasema Bismillahi, nikavuta. "Tss." Fataki tu. Alinyanyua kichwa, akanitazama, akarudi kula soya. Sikuwa na la kufanya ila kumwangalia akishiba.

Tangu siku hiyo: ama natoa mzigo wote jioni, ama gobore linalala kwenye baridi ileile, bila fataki, mahali palipofungwa kwa kufuli mbali na watoto. Mdomo wa mtutu naufunika kwa mkanda wa umeme. Risasi hupita bila kuujali.

Ukifyatua gobore, moshi utakuziba. Piga goti haraka uchungulie chini yake, na ukariri mti alipoingilia. Kisha pakia upya kabla hujaondoka. Wa shotigani, sukuma ganda jipya papo hapo, bunduki ikiwa bado begani.

Ukimpata, tagi, ile lebo inayokuja na leseni, inafungwa ndani ya dakika 15 au kabla ya kumsogeza, lolote litangulialo. Ripoti kwa DNR kabla ya saa sita usiku wa siku inayofuata.

## Hatua ya 10: Jioni ileile

Shotigani: toa maganda yote, hesabu, pangusa, kabati.

Gobore: fungua kizibo cha nyuma, kitumbukize kwenye dawa. Kwa Pyrodex na Triple Seven maji ya moto yenye sabuni ya vyombo yanafanya kazi nzuri. Blackhorn haisikii maji, inataka dawa ya bunduki ya kawaida. Pitisha vitambaa hadi kitoke cheupe. Kausha, paka mafuta mepesi, paka grisi nyuzi za kizibo kabla ya kukirudisha. Bila grisi, mwakani utakifungua kwa nyundo.

Mwisho, shusha mdeki ndani ya mtutu na uangalie alama ya pili, ile ya mtutu mtupu. Ikikaa sawa, bandika mkanda kwenye kitako na uandike "TUPU" na tarehe.